Shule Iwe na Seva Yake

Wako watu, na miongoni mwao wamo walimu wenye elimu nzuri, wasemao kwamba shule ya sekondari haina haja ya kuwa na seva. Husema kuwa kazi hiyo ni ya makampuni makubwa ya ng'ambo, yaliyojenga majumba ya mitambo yenye ubaridi na walinzi, na kwamba sisi yatupasa kufungua akaunti, kutia nenosiri, na kushukuru. Wakiulizwa daftari la maktaba liko wapi, hujibu kuwa liko katika wingu. Wakiulizwa wingu hilo liko katika nchi gani, hucheka, kana kwamba swali limeulizwa na mtoto mchanga. Nakusudia kuyapinga maneno yao. Nasema kuwa shule yaweza kuweka programu zake za wavuti katika mashine yake yenyewe, chini ya paa lake. Kuwa ugumu uliokuwa udhuru wa jambo hili umepunguzwa sana tangu mwaka 2013 na chombo kiitwacho kontena. Na kuwa wanafunzi wa Kidato cha Pili na cha Tatu ndio hasa wafaao kuifanya kazi hiyo.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Seva ni tarakilishi kama nyingine. Tofauti yake ni kwamba haimngoji mtu aketi mbele yake, bali hungoja maombi kutoka kwa tarakilishi na simu nyingine, na kuyajibu. Programu ya wavuti ni ile ikaayo katika seva, na mtumiaji huifikia kwa kivinjari. Unapofungua ukurasa wa kitabu, simu yako imetuma ombi, na seva mahali fulani imelijibu. Mahali hapo ndipo penye ugomvi wetu. Pakiwa ni Ulaya, ombi la mwanafunzi wa Kitui hushuka hadi Mombasa, huingia baharini kwa waya, husafiri maelfu ya maili, na jibu hurudi kwa safari kama hiyo, hata kama kitabu chenyewe kimo katika rafu iliyo hatua kumi nyuma ya kiti chake. Pakiwa ni chumba cha maabara ya shule, ombi halivuki hata lango.

Wahenga walisema kwamba cha kuazima hakisitiri maungo, na historia fupi ya intaneti imewapa ushahidi mwingi. Palikuwa na mahali paitwapo GeoCities, ambapo watu wa kawaida waliweza kujijengea kurasa zao bure. Kampuni ya Yahoo ilipanunua mwaka 1999, na tarehe 26 Oktoba 2009 ikapafunga. Mamilioni ya kurasa yaliondoka, na sehemu iliyookolewa iliokolewa na watu wa kujitolea waliokuwa wakinakili mbio mbio kabla ya mlango kufungwa. Google ilikuwa na programu ya kusomea habari, Google Reader, ambayo wasomaji wake waliipenda kama kahawa ya asubuhi. Ilifungwa Julai 2013. Vikundi vya Yahoo, ambamo watu walikuwa wameandikiana kwa karibu miaka 20, vilifungwa Desemba 2020. Katika matendo haya hapana lililohitaji kuvunja sheria hata moja. Mwenye nyumba aliitaka nyumba yake, wapangaji wakatoka.

Wapinzani wangu hujibu kwamba shule ni jambo jingine, kwa kuwa makampuni huziheshimu shule. Basi na tuutazame mwaka 2021. Hadi wakati huo taasisi za elimu zilizojiandikisha kwa Google zilikuwa zimepewa nafasi isiyo na mpaka ya kuwekea faili. Mwezi wa Februari ilitangazwa kwamba mpaka utakuwapo, terabaiti 100 kwa taasisi nzima, na mwaka 2022 mpaka huo ukaanza kazi. Kwa sekondari ya wanafunzi 600 nafasi hiyo ni tele, sikatai, na asiyelipa hana haki kubwa ya kulalamika. Nikataalo ni kuuita ukarimu wa namna hii msingi wa kujengea. Lililotolewa kwa tangazo moja laweza kuondolewa kwa tangazo moja, na mpangaji hana kura katika matangazo ya mwenye nyumba.

Tena kuna waya. Tangu mwaka 2009, nyaya za TEAMS na Seacom zilipofika Mombasa, tumezoea kuiona intaneti kama maji ya mfereji: hufungua, yakatoka. Jumapili tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikapungua kasi au ikapotea kabisa kwa watu wengi wa Kenya, Tanzania, Uganda na nchi nyingine za upande huu wa bara. Siku ya pili yake, Jumatatu tarehe 13, ndiyo siku shule za Kenya zilipofungua muhula wa pili, uliokuwa umecheleweshwa na mafuriko. Wafikirie basi walimu wawili asubuhi hiyo. Wa kwanza alikuwa ameweka mazoezi yote ya Kemia katika seva za mbali. Darasa lake liliketi likitazama duara dogo linalozunguka kwenye kioo. Wa pili alikuwa ameyaweka katika mashine ya maabara, iliyoungwa na ruta ya shule. Wanafunzi wake walifungua mazoezi yale kwa kasi ile ile ya siku zote, na yamkini hawakujua kuwa bahari ina msiba. Mwalimu huyu wa pili nimemtunga, kama nilivyomtunga wa kwanza; lakini waya uliokatika sikuutunga, na namna mtandao wa ndani ya shule unavyofanya kazi bila ya ule wa nje sikuitunga pia. Ni jambo awezalo kulijaribu kila mtu kwa kuchomoa waya mmoja.

Sasa niingie katika udhuru mkubwa wa siku zote, ule wa ugumu. Hapo zamani, na zamani hiyo si ya mbali, kuweka programu ya wavuti kulikuwa kama adhabu. Programu moja haiji peke yake. Yataka lugha iliyoandikiwa, kwa toleo lile lile. Yataka hifadhidata ya namna fulani. Yataka maktaba ndogo ndogo za msimbo zipatazo makumi, kila moja na umri wake. Ukiiridhisha programu ya maktaba kwa kusakinisha toleo jipya, programu ya masomo iliyozoea toleo la kale huanguka palepale. Fundi aliyeiandika nyumbani kwake aliapa kuwa inakwenda vizuri, na hakusema uongo: ilikwenda vizuri katika tarakilishi yake. Watu wengi wenye nia njema walikesha siku tatu wakipigana na mambo haya, wakashindwa, wakafungua akaunti ng'ambo. Hao siwalaumu. Nawalaumu wale wasemao leo, baada ya miaka zaidi ya kumi ya dawa, kwamba ugonjwa hauna dawa.

Dawa yenyewe ilipewa jina la kitu tunachokiona kila siku katika barabara ya Mombasa. Kabla ya kontena, kupakia meli kulikuwa kazi ya mabega. Gunia la kahawa lilibebwa hivi, robota la katani vile, sanduku la chai vingine, na meli ilikaa gatini siku nyingi ikingoja. Tarehe 26 Aprili 1956 Mmarekani mmoja mwenye malori, Malcom McLean, aliipeleka meli Ideal X kutoka Newark hadi Houston ikiwa na makasha makubwa 58. Tangu hapo winchi haikuwa na haja ya kujua ndani ya kasha mna nini. Mna kahawa, mna viatu, mna vipuri vya trekta, yote ni mamoja. Vipimo vya kasha ni vile vile, na pembe za kulishikia ni zile zile. Meli, gari moshi na lori hulipokezana bila ya kulifungua. (Makuli wa bandari nyingi duniani walipoteza kazi kwa sababu ya kasha hilo, na deni hilo lataka insha ya peke yake.)

Wenye tarakilishi walifika hapo kwa njia ndefu. Mwaka 1979, katika mfumo wa Unix, ilipatikana amri ya kuifungia programu katika sehemu moja ya faili, isiweze kuona nje yake. Mwaka 2000 mfumo wa FreeBSD ulilizidisha wazo hilo ukaliita jela. Mwaka 2008 kiini cha Linux kilitiwa uwezo wa kupimia kila kundi la programu kumbukumbu na nguvu ya kufikiri, kama mama agawaye chakula kwa upawa. Vipande vyote vilikuwapo basi. Lakini kuviunganisha kulitaka bingwa. Mwezi wa Machi 2013, huko Santa Clara, California, katika mkutano wa watumiaji wa lugha ya Python, kijana aliyeitwa Solomon Hykes alisimama kwa muda wa dakika chache akaonyesha chombo cha kampuni yake, jina lake Docker, kilichoviunganisha vipande hivyo kwa amri fupi. Chombo hicho kilitolewa kama programu huria mwaka huo huo. Leo viko na vingine, kama vile Podman, vifuatavyo kanuni zile zile za vipimo, na asiyependa kimoja huchukua cha pili.

Kontena la tarakilishi, kwa hiyo, ni programu pamoja na vyote iviombavyo, vimefungwa katika kasha moja. Lugha yake imo ndani, maktaba zake zimo ndani. Kasha la jirani laweza kuwa na toleo jingine la lugha hiyo hiyo, wala wawili hao hawatagombana, kwa kuwa hawaonani. Kiini cha Linux hukigawa kile kilicho kimoja, kila kontena likadhani limepewa nyumba nzima. Na hapa nimwonye msomaji asichukuliwe na mfano: kasha la chuma lina ukuta wa chuma, lakini makontena haya yote hukaa juu ya kiini kimoja. Kiini kikiwa na ufa, ufa huo ni wa wote. Asemaye kuwa kontena ni ngome hajalisoma.

Kazi yenyewe shuleni ni hii. Pata tarakilishi kuukuu iliyokuwa ikitumika ofisini, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 na diski nzima. Weka mfumo wa Linux, mathalan Debian, ambao hauuzwi. Weka Docker. Kisha andika faili moja ya maneno iitwayo compose.yaml, yenye mistari isiyozidi thelathini. Humo utasema: nataka kontena la Moodle, programu ya masomo iliyoanzishwa Australia na Martin Dougiamas, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2002, nataka kontena la pili la hifadhidata yake, hili la pili lisionekane na mtu isipokuwa la kwanza, na la kwanza lifunguliwe mlango namba 8080. Utaandika kontena la tatu kwa ajili ya Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, ambayo hutoa Wikipedia na vitabu vingine pasipo intaneti. Wikipedia nzima ya Kiingereza pamoja na picha hutaka zaidi ya gigabaiti 100. Ile ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ni ndogo zaidi kwa mbali, nayo ndiyo ya kuanzia. Ukimaliza, amri ni docker compose up -d. Mashine itashusha violezo kutoka ghala, itazaa makontena kutokana navyo, na mwanafunzi aliye darasani ataandika anwani ya mashine hiyo katika kivinjari chake na kuona ukurasa.

Jambo moja katika faili hiyo ladai subira kuliko mengine yote, na wengi huliruka. Kontena limekusudiwa kufa. Unapotaka toleo jipya, hulirekebishi la kale. Unalifuta na kuzaa jingine kutoka kiolezo kipya. Hiyo ndiyo nguvu yake, na hiyo ndiyo hatari yake, kwa sababu kilichoandikwa ndani ya kontena hufutwa pamoja nalo. Alama za mtihani, majina ya wanafunzi, insha walizozileta, vyote hivyo sharti vikae nje, katika sehemu ya diski iliyotengwa ambayo mafundi huiita voliumu, na ambayo kontena hufunguliwa dirisha la kuifikia. Mistari miwili tu ya faili ndiyo itengayo shule yenye kumbukumbu na shule iliyopoteza muhula mzima kwa amri moja ya kufuta. Tena voliumu si akiba. Diski ikifa, voliumu imekufa. Akiba ni nakala iliyo katika diski nyingine, na moja zaidi iliyo katika nyumba nyingine, na ya hifadhidata hutolewa kwa amri yake maalumu, maana kunakili faili za hifadhidata inayoendelea kuandika ni kama kumpiga picha mtu akimbiaye: huweza kutoka na miguu mitatu.

Wasemao hatuna wataalamu, nawaomba wayatazame mambo mawili. Maktaba nyingi duniani hutumia programu iitwayo Koha. Haikuzaliwa katika kampuni ya tajiri. Mwaka 1999 maktaba za wilaya ya Horowhenua, New Zealand, mahali pa mashambani, zilikuwa na mfumo wa kale usioweza kuuvuka mwaka 2000. Badala ya kununua mwingine, ziliagiza wao watungiwe, na Januari 2000 mfumo mpya ukaanza kazi. Kisha zikautoa kwa ulimwengu bure, zikauita kwa neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. La pili liko karibu na nyumbani zaidi. OpenMRS, programu huria ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa, ilianza kutumika Eldoret mnamo Februari 2006, na kutoka hapo ikaenda nchi nyingi. Yaani mji wa Kenya ulikuwa mahali pa kwanza pa kazi hiyo, miaka saba kabla ya Docker kuonyeshwa, wakati ambapo kila kitu kilisakinishwa kwa mkono. Basi kijana wa leo, mwenye kasha lililokwisha kufungwa na kupigwa muhuri, amenyimwa nini? Mtaalamu hutokana na aliyeanza. Shule isiyompa mwanafunzi seva ya kuharibu na kutengeneza isishangae ikimkosa mtengenezaji.

Wengine hushika hoja ya umeme. Ni kweli kuwa umeme hukatika. Lakini ukikatika shuleni, ruta nayo huzima, na wenye wingu hukaa gizani pamoja nasi. Tofauti ni kuwa tarakilishi ndogo ya aina ya Raspberry Pi, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 2012 kwa dola 35 na ukubwa wake ni kama wa kadi ya benki, hula umeme mdogo sana hata paneli ya jua na betri ya wastani zaweza kuilisha yeye na ruta yake. Hoja hii sitaipa zaidi ya hapo.

Hoja ya usalama ndiyo nzito, na asiyeiheshimu asiguse seva. Mwezi wa Januari 2017 maelfu ya hifadhidata za MongoDB zilizoachwa wazi katika intaneti bila ya nenosiri zilifutwa na wanyang'anyi, walioacha barua ya kudai fedha. Wenyewe hawakuvunjiwa kufuli. Hawakuwa wametia kufuli. Makontena yana mtego wa namna hiyo hiyo, tena uliofichika. Mtu huweka ukuta wa moto wa ufw katika Linux, akafunga milango yote, akalala. Lakini Docker anapofungua mlango wa kontena, huandika kanuni zake mwenyewe zipitazo kando ya ufw, na mlango ule u wazi ijapokuwa ukuta wasema umefungwa. Kadhalika, mtumiaji aliyetiwa katika kundi la docker ana uwezo sawa na mkuu wa mashine nzima, hata kama jina lake ni la mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza. Mambo haya yameandikwa katika maelezo ya Docker yenyewe. Hayakufichwa; hayasomwi.

Pamoja na hayo kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, katika kifungu cha 33, yataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia habari za mtoto. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini hiyo. Wapinzani wangu hulitumia jambo hili kututisha: mwaona, acheni wakubwa wazitunze habari. Mimi nalitumia kinyume chake. Shule ndiyo iliyolipishwa. Mzigo wa sheria u juu ya shule hata faili zikiwa ng'ambo, na mwenye kubebeshwa mzigo afadhali ajue umewekwa wapi.

Lakini nakubali mpaka, tena kwa moyo mweupe. Seva ya shule isifunguliwe kwa dunia. Ikae ndani ya mtandao wa shule, isionekane kutoka nje. Mwaka wa kwanza iwe na vitabu, Wikipedia na mazoezi, vitu ambavyo vikiibwa hapana aliyeibiwa. Alama na majina vije baadaye, nenosiri la kila kontena likiisha badilishwa kutoka lile la kiwandani, na nakala za akiba zikiisha kujaribiwa. Barua pepe msiiguse. Kuendesha seva ya barua ni kupigana usiku na mchana na waandishi wa takataka wa ulimwengu mzima, na hata mabingwa huikimbia kazi hiyo. Kodi ya barua ni kodi ya haki, ilipeni. Sikusema kuwa mtu asipange chumba popote. Nimesema asipange mpaka kitanda cha mtoto wake.

Wako pia watu wa upande wangu ambao sitaki kuhesabiwa pamoja nao. Ni wale waliokipenda chombo wakasahau kazi. Huchukua faili ya mtu wasiyemjua, wakaiendesha bila ya kuisoma, wakaona ukurasa umetokea, wakajiita mafundi. Kiolezo huandika kwa neno "latest", maana yake toleo lolote jipya la siku hiyo, na siku moja toleo la siku hiyo halipatani na hifadhidata ya jana. Andika namba ya toleo. Na wasidhani kwamba wametoka katika upangaji, kwa maana ghala la violezo nalo ni nyumba ya mtu. Mnamo Novemba 2020 Docker Hub, ghala kuu, lilianza kuweka kipimo: mtu asiyejiandikisha aweza kushusha violezo mara 100 tu katika saa 6. Kipimo hicho huhesabiwa kwa anwani ya mtandao, na shule nzima kwa kawaida hutoka nje kwa anwani moja. Darasa la wanafunzi 40, kila mmoja akishusha violezo vitatu, limekwisha kuupita mpaka kabla ya kengele. Dawa ni kushusha mara moja, kukihifadhi kiolezo katika faili kwa amri ya docker save, na kukipakia katika mashine nyingine kwa docker load. Usiache mbachao kwa msala upitao: nakala iliyo katika diski yako haina kipimo wala haingoji tangazo.

Imebaki hoja moja, na ndiyo nisikiayo mara nyingi kutoka kwa wakuu wa shule wenye busara. Huuliza: vijana hawa wa Kidato cha Nne wakiisha kufanya mtihani na kwenda zao, nani atakayeijua mashine? Swali hili lilikuwa la kuua katika siku za kusakinisha kwa mkono, ambapo ujuzi wote ulikaa kichwani mwa mtu mmoja, naye akiondoka uliondoka naye. Kontena limelijibu nusu yake. Faili ya compose.yaml ni maelezo ya mashine na ndiyo mashine yenyewe. Aisomaye ajua kuna nini, toleo gani, mlango upi, na habari zimewekwa wapi. Nusu ya pili sharti ijibiwe na shule. Pawe na daftari la karatasi katika maabara, lenye tarehe na jina la kila aliyebadilisha kitu na sababu yake. Nenosiri la mkuu wa mashine likae katika bahasha, katika kasha la chuma la ofisi. Na kila mwisho wa muhula wa tatu wa Kidato cha Tatu wapewe tarakilishi tupu, diski ya akiba, faili ile na daftari lile, waambiwe waiinue seva yote upya bila ya kuwauliza wakubwa wao hata neno moja. Ikichukua mchana mmoja, wakubwa waende zao kwa amani. Ikichukua zaidi, makosa yamo katika daftari, na wakubwa bado wapo wa kuulizwa.